Shajara ya mradi: kugombea uenyekiti wa mtaa 2024, nilichojaribu, kilichobuma na hela iliyokwenda

Jumapili, 18 Agosti 2024

Tarehe imeshatangazwa, uchaguzi wa serikali za mitaa ni 27 Novemba. Nimeamua kugombea uenyekiti wa mtaa wetu, na naandika hatua kwa hatua kwa sababu nilipotafuta mtu aliyeandika alivyofanya sikumpata, nimekuta matangazo na hotuba tu. Mwenye nia ya kugombea 2029 achukue humu kinachomfaa.

Mji nisiutaje, ni mji mdogo wa mkoa wa Tanga, barabara kuu inapita katikati, mkonge huku na machungwa kule. Chama pia sikitaji, ila ujue tu kwamba bila chama hugombei, mgombea binafsi hayupo kwenye sheria zetu, kwa hiyo hata kama wewe ni mtu wa watu lazima chama kikudhamini. Chetu hapa mtaani ni kidogo. Mimi ni fundi simu, nina kibanda karibu na stendi, miaka 38, mke na watoto watatu.

Kilichonisukuma sio siasa kubwa. Kuna kalavati limebomoka tangu mvua za mwaka jana watoto wanaruka mfereji kwenda shule, na kuna hii tabia ya mtu akienda kuchukua barua ya utambulisho anaambiwa alete "hela ya karatasi". Karatasi moja elfu tano. Nikasema basi ngoja nikagombee, mama watoto akaniuliza mshahara shilingi ngapi, nikamwambia hakuna mshahara kuna posho kidogo ikipatikana, akaingia ndani hakunijibu.

Bajeti niliyojiwekea: laki tano.

Jumamosi, 31 Agosti

Kosa la kwanza hili hapa na nimelifanya kwa mbwembwe kabisa. Tuna grupu la WhatsApp la mtaa, watu 140 na kitu. Nikatangaza nia humo, nikapata vidole gumba 96. Tisini na sita! Nikamwonyesha mpaka mama watoto. Wiki nzima natembea kama vile nimeshaapishwa.

Alafu jana jioni nimekaa na mzee mmoja mwalimu mstaafu, ntakuwa namwita Mwalimu humu, akaniambia hebu nisomee hao 96 mmoja mmoja. Huyu yuko wapi? Dar. Huyu? Arusha. Huyu? Yuko Muscat anafanya kazi za ndani. Huyu? Ameolewa Handeni. Tulipomaliza wanaoishi hapa mtaani walikuwa 31, na kati yao wawili hawajafika miaka 18. Mwalimu akacheka mpaka akakohoa, akasema "Hao wa Dar watakupigia makofi, mwanangu, kura hawakupigii."

Dawa yake: nimenunua kaunta buku moja, nimeichora mistari. Namba ya nyumba, jina, anaishi hapa kweli au anakuja sikukuu tu, umri, halafu alama yangu mwenyewe: N ni ndiyo, S ni sijui, H ni hapana. Kaunta na kalamu 4,500.

Jumapili, 29 Septemba

Mwezi mzima nimezunguka nyumba kwa nyumba jioni baada ya kufunga kibanda. Kaya 312, watu wazima 844 kwa hesabu yangu. N nimepata 268. Kazi ya miguu tu haina maelezo mengi, ila mambo mawili nimejifunza.

Moja, usiende unaongea. Nilianza naingia na hotuba, watu wanaitikia "sawa, sawa" wanasubiri niondoke. Nilipobadilisha nikawa naingia na swali, kero yenu kubwa hapa ni ipi, nikawa naambiwa mpaka nachelewa kula. Kalavati niliyodhani ni habari kubwa ilikuwa ya nne. Ya kwanza ilikuwa taa, njia ya kutoka stendi usiku ni giza na wanawake wanaotoka kuuza chakula wanakabwa. Sikuwa nayo kabisa kichwani, mimi ni mwanaume naenda nyumbani na pikipiki.

Mbili, mwenzangu anayetetea kiti chama chake kina mabalozi wa nyumba kumi, yaani hii kaunta ambayo nimeitengeneza mwezi mzima wao wanayo kichwani miaka na miaka. Balozi anajua nani kajifungua jana. Sio hujuma hiyo, wamekaa na watu muda mrefu kuliko mimi, basi.

Fotokopi na vocha mpaka leo: 14,000.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika hii usiku wa manane na nina hasira, hasira za kujikasirikia mwenyewe.

Uandikishaji umeanza jana, tarehe 11, mwisho tarehe 20. Siku kumi. Nilidhani hii sehemu haina kazi, watu wataenda tu. Leo mchana nimepita kwa mama mmoja muuza vitumbua, N ya kalamu nyekundu, mtu wangu kabisa, namuuliza umeshajiandikisha, akaingia ndani akatoka na kadi yake ya mpiga kura iliyotunzwa kwenye mfuko wa nailoni. "Mimi ninayo toka 2015." Nikaenda nyumba ya pili, kadi. Ya tatu, kadi. Nyumba kumi na nne nilizopita leo, kumi na moja wamenitolea kadi.

Sasa kwa asiyejua: ile kadi ni ya daftari la kudumu la Tume ya Uchaguzi, inatumika kwenye kura ya rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa mtaa unasimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na una daftari lake peke yake, la wakazi, linaandikwa upya. Hupewi kadi wala hupigwi picha, unaenda kituoni unasema jina, umri, unasaini, basi. Kama jina halimo kwenye hilo daftari la mtaa hata uwe na kadi tano hupigi kura. Mimi nililijua hilo tangu Agosti. Nilizunguka nyumba 312 na sikumwambia mtu hata mmoja, nilidhani kila mtu anajua kwa sababu mimi najua.

Kesho sifungui kibanda.

Jumatatu, 21 Oktoba

Siku nane za mwisho zilikuwa za uandikishaji tu, sikuongelea hata sera. Nawaandikia kilichofanya kazi na ambacho hakikufanya.

Kilichobuma: tangazo la sauti kwenye grupu la WhatsApp. Nilirekodi dakika nne. Wa Muscat alilisikiliza.

Kilichobuma pia: kueleza tofauti ya Tume na TAMISEMI. Nikianza "hii inasimamiwa na Ofisi ya Rais Tawala za Mikoa" mtu ameshageukia sufuria. Tukafupisha mimi na Mwalimu, tukawa na sentensi moja tu: "Kadi ni ya rais, mbunge na diwani. Hii ya mwenyekiti unaandikwa upya hapo shuleni, dakika mbili, kadi yako irudishe ndani." Hiyo ilieleweka. Tukawapa vijana wanne wa kijiweni waiseme hivyohivyo bila kuongeza.

Kilichofanya kazi kweli: kumchukua mtu na kumpeleka. Sio kumkumbusha, kumpeleka. Nilikodi bodaboda ya jirani kwa siku, asubuhi saa mbili vituo vinapofunguliwa na jioni kabla ya saa kumi na mbili, tunabeba wazee. Hapa niseme, tulibeba yeyote, hata wale wa H. Bibi mmoja alinipiga na fimbo kidogo begani akasema "Lakini mimi kura nampa mwenzio", nikamwambia panda bibi.

Jana siku ya mwisho nilifanya ujinga. Saa kumi na moja na nusu nikaambiwa kuna wamama watatu wa kule bondeni hawajaenda, nikasema tutawahi. Boda ilipata pancha. Tumefika saa kumi na mbili na dakika kumi, yule kijana wa uandikishaji ameshafunga daftari na mkono wake uko juu ya kofia ya kalamu. Nilimsihi. Akasema kaka, muda umeisha, na kwa kweli alikuwa sahihi, kama angenifungulia mimi angemfungulia na mwingine. Wamama wakashuka kwenye boda wakarudi kwa miguu, mmoja ananipa pole mimi.

Boda siku zote: 48,000.

Ijumaa, 25 Oktoba

Orodha ya walioandikishwa imebandikwa ukutani, ni muda wa kukagua. Fanya hiki kitu jamani, usikiruke. Nilipiga picha kila karatasi kwa simu, usiku tukakaa na Mwalimu tunalinganisha na kaunta. Yeye anasoma mimi naweka tiki.

Orodha ina majina 703. Kati ya N zangu 268, waliomo ni 197. Hawamo 71.

Sabini na moja. Nikamwambia Mwalimu turudie, labda wameandikwa majina mengine, tukarudia mpaka saa sita. Wanne wakapatikana kweli, wameandikwa majina ya ubatizo ambayo mtaani hakuna anayeyajua, lakini tukagundua pia wanne wengine niliowawekea tiki ni majina yamefanana tu, sio wao. Ikabaki 71 palepale.

Na jina langu mwenyewe lina kosa. Mimi nina majina matatu kwenye kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, kwenye daftari nimeandikwa mawili na la pili limekosewa herufi. Kwa mpiga kura labda sio shida, kwa mgombea ni mlango wa pingamizi. Nimeenda leo na kitambulisho limerekebishwa, nimepiga picha marekebisho. Kama nisingesoma ukuta ningejua wapi.

Alhamisi, 31 Oktoba

Fomu. Tulianza kuchukua tarehe 26, mwisho wa kurudisha ni kesho. Fomu yenyewe sikulipia, lakini ndio karatasi ya hatari kuliko zote kwenye huu mradi. Watu wengi kwenye uchaguzi kama huu wa 2019 hawakushindwa kwa kura, walienguliwa kwenye karatasi. Kwa hiyo nilikuwa na woga nayo, na woga ukanifanya nikosee.

Nilijaza usiku peke yangu, mwandiko mzuri, kalamu nyeusi. Asubuhi Mwalimu akavaa miwani akaisoma kama anasahihisha mtihani. Akazungushia makosa matatu kwa penseli, sio kwenye fomu, kwenye fotokopi (alinilazimisha nitoe fotokopi tatu kabla ya kugusa chochote, 600).

La kwanza, jina la chama niliandika kifupisho. Andika kirefu, lote, kama lilivyosajiliwa. La pili, kwenye shughuli ya kujipatia kipato niliandika "mjasiriamali". Mwalimu akauliza unauza nini? Nikasema natengeneza simu. "Basi wewe ni fundi simu, andika fundi simu, mjasiriamali ni neno la semina." Kanuni zinataka uwe na shughuli halali ya kukuingizia kipato, ukiandika kitu ambacho hakishikiki unampa mtu nafasi ya kuuliza. La tatu, saini yangu kwenye ukurasa mmoja haikufanana na mwingine kwa sababu mtoto alinisukuma mkono.

Fomu nimeshaichafua. Nikaenda kuomba nyingine, ofisini nikaambiwa zimeisha, njoo kesho. Kesho yake naambiwa mhusika katoka. Sikugombana, nilikaa kwenye benchi na chupa ya maji kuanzia saa tatu mpaka saa nane, kila anayepita ananisalimia, na nadhani ile kusalimiwa ndio iliyonisaidia maana saa nane fomu ikapatikana. Nimejaza mbele ya Mwalimu, chama kimegonga muhuri, nimerudisha leo na nimedai wanisainie nakala yangu kwamba wamepokea pamoja na saa. Msiende siku ya mwisho. Nawaambia.

Jumatatu, 11 Novemba

Tarehe 8 majina ya walioteuliwa yakabandikwa, nimo. Tuko wawili tu. Wa tatu aliyechukua fomu hayupo kwenye karatasi, sijui yake iliishia wapi.

Siku hiyohiyo nikawekewa pingamizi kwamba mimi sio mkazi wa mtaa huu, eti nalala kwenye kibanda stendi ambapo ni mtaa mwingine. Nilipeleka mkataba wa nyumba, risiti za umeme na kadi ya kliniki ya mtoto wa mwisho inayoonyesha mtaa. Pingamizi likatupwa. Hela iliyotumika fotokopi 2,000, ila usingizi sikuupata siku mbili.

Jumatano, 20 Novemba

Kampeni zimeanza leo, siku saba tu mpaka tarehe 26. Sasa niongelee fulana.

Nilitaka fulana. Mwalimu alikataa, mama watoto alikataa, vijana wa kijiweni walizitaka sana na mimi nilizitaka kuliko wao. Nikaagiza 40 kwa mtu wa Dar, 9,000 moja, laki tatu na sitini, usafiri wa basi elfu kumi. Nilimtumia picha yangu niliyopiga mwenyewe kibandani chini ya taa ya kusomea saketi.

Zimefika leo asubuhi. Uso wangu umetoka mweusi tii, kuna macho na meno tu. Kijana mmoja akauliza "Huyu nani?" hana utani. Na saizi zote ni ndogo, XL yake anavaa mwanangu wa darasa la sita. Nilimpigia jamaa, anasema kaka picha uliyotuma ndivyo ilivyo. Na ndivyo ilivyo, nimeiangalia tena.

Laki tatu na sabini hiyo. Zaidi ya nusu ya hela yote. Kwa hela hiyo boda zingeanza kuzunguka siku ya kwanza ya uandikishaji, sio ya tatu, na akiba ya pancha juu.

Jumamosi, 23 Novemba

Ratiba ya mikutano tulipangiwa, mkutano wangu mkubwa umeangukia jana Ijumaa saa nne asubuhi. Saa nne! Watu wako shambani, sokoni, wengine wanajiandaa na msikiti. Spika na jenereta kwa siku 60,000, petroli elfu 15, viti hamsini vya kukodi kila kimoja 300. Walikuja watu kama ishirini na watano na watoto wengi sana, na mbuzi wawili wa jirani ambao hawakuondoka mpaka mwisho.

Nilihutubia hivyohivyo. Katikati ya hotuba nikawa naona viti vitupu nikaanza kupiga kelele zaidi, kosa hilo, unapowapigia kelele waliokuja kwa kosa la wasiokuja wanaona unawagombeza.

Kulikuwa na habari ya chai pia. Kwenye vikao vya ndani tulikuwa tunaweka chai na maandazi, mambo ya kawaida ya ugeni, jumla imeshafika 34,000. Mzee mmoja akaniita pembeni akasema, baba, wewe unasema unagombea kwa ajili ya hela ya karatasi, na hii chai yako ni hela ya nini? Sikuwa na jibu la haraka. Takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, ilipigwa marufuku na Mahakama Kuu mwaka 2006, wengi tunaikumbuka ile kesi, na mimi nilikuwa nimejiambia chai sio takrima. Kuanzia juzi hakuna chai, tunakunywa maji ya mtungi wa mwenye nyumba. Waliokuja kwa ajili ya maandazi wameacha kuja na vikao vimekuwa vifupi.

Kwa siku zilizobaki nimefuta hotuba. Asubuhi nakaa bombani wanapochota maji, mchana nafungua kibanda natengeneza simu huku naongea, jioni barazani kwa watu mpaka saa kumi na mbili kasoro. Juzi nilipitiliza dakika ishirini kijiweni nikaonywa na mgambo, ni haki yake, muda wa kampeni ni mwisho saa kumi na mbili jioni.

Jumatatu, 25 Novemba

Mkutano wa pili leo jioni, saa nzuri safari hii. Spika tena 60,000, petroli 15,000, viti 15,000. Mvua ya vuli ikaanza nusu saa kabla, tukahamia chini ya bati la mashine ya kusaga. Watu walikuwa wengi kwa sababu na wao walikuwa wanajikinga mvua. Ulikuwa mkutano bora kuliko yote, spika tuliizima, nikawa naongea kama tunavyoongea, mama wa vitumbua akasimama akasimulia alivyokabwa njia ya stendi mwaka jana. Sikuongeza kitu baada yake.

Halafu nikakumbuka jina lake halimo kwenye daftari. Alionyesha kadi tarehe 12, nikamwelekeza aende, akasema ataenda Jumapili, Jumapili akafiwa.

Jumatano, 27 Novemba

Siku ya kura, mapumziko nchi nzima. Vituo viwili, vyote shule ya msingi, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni.

Nilikuwa na mawakala wanne, wawili wa kukaa na wawili wa kupokezana, kila mmoja 10,000 ya siku nzima. Barua zao za utambulisho tulizishughulikia mapema kwa hiyo hapo hapakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa tumbo. Wakala wa kituo cha pili alitoka saa tisa na nusu kwenda kula, wa kumpokea alikuwa ameshakwenda kuoga, kwa hiyo wanapofunga na kuanza kuhesabu nina wakala upande mmoja tu kwa muda wa kama dakika ishirini. Sisemi kuna lolote lililofanyika, nasema sina mtu wa kuniambia hapakufanyika. Chakula cha wakala kiende na wakala asubuhi, ndani ya kontena, na chupa ya maji. Nimeandika kwenye kaunta kwa herufi kubwa.

Asubuhi nilisimama mbali na kituo nikawa naona watu wanarudi. Walikuja na kadi zao za 2015 mkononi wanaambiwa jina halimo. Kitambulisho kinasaidia kuonyesha wewe ni nani, lakini jina kwanza liwe ndani. Nilihesabu kumi na tisa nikaacha kuhesabu. Mmoja akanijia juu, "Mbona hukutuambia?" Nilimwambia nilikuja kwako mara mbili. Akasema ulikuja kuongea habari za taa.

Matokeo, kwa karatasi iliyobandikwa: mwenzangu 297, mimi 251, zilizoharibika 17. Jumla 565 kati ya 703.

Nimepungukiwa 46. Nimemfuata mwenzangu nimempa mkono, akasema karibu tufanye kazi, nikasema asante mwenyekiti. Nimesaini.

Jumapili, 1 Desemba

Hesabu ya mwisho. Fulana na usafiri 370,000. Spika na petroli 150,000. Boda za uandikishaji 48,000. Mawakala 40,000. Chai 34,000. Viti 30,000. Bando na vocha 27,000. Kaunta, kalamu na fotokopi zote 23,500. Jumla 722,500, nimezidisha bajeti 222,500, na hapo sijaweka siku za kibanda kufungwa, ambazo mama watoto ameziweka kwenye hesabu yake na hanionyeshi.

Siku mbili hizi nilikuwa nasema kwa kila mtu: nimekosa kwa 46, watu wangu 71 hawakuwemo daftarini, kwa hiyo nilishinda ila sikuandikisha. Inapendeza kuisema. Mama watoto akaniharibia. Akauliza, N zako zilizokuwemo daftarini ni ngapi? 197. Umepata ngapi? 251. Kwa hiyo hamsini na nne hivi wamekupa kura na kwenye kaunta yako hawakuwa N? Ndiyo. "Basi hiyo kaunta yako haijui kitu, wangapi wa N wamempa mwenzio?" Na ni kweli, kuna watu 197 walioniambia ndiyo na sijui hata mmoja alifanya nini kule ndani. N ya barazani kwa mtu mwenye heshima zake, umekuja nyumbani kwake jioni, akwambie hapana usoni? Hawezi.

Kwa hiyo nimerekebisha. Safu ya N, S, H nimeifuta kabisa, siitumii tena. Safu iliyobaki ni moja, jina limo au halimo, kwa sababu hiyo naweza kwenda ukutani kuihakiki kwa macho yangu.

Jumamosi, 11 Januari 2025

Mwenyekiti mpya, yaani wa zamani, kaja kibandani na simu imeingia maji. Wakati naikausha akasema amesikia nina orodha ya kaya zote na kero zao. Nikamtolea fotokopi ya kurasa za kero, za majina nimebaki nazo. Taa ya njia ya stendi imewekwa moja, ile ya kona, wakazi tumechangishana na yeye katoa nguzo. Hela ya karatasi bado ipo, ameshusha kuwa elfu mbili.

Fulana tatu zimekuwa matambara ya kibandani, nyingine ziko darini.

Jumatano, 19 Februari 2025

Nilidhani nimefunga hii shajara ila hii lazima niiweke.

Mwezi huu Tume imekuja mkoani kwetu kuboresha daftari la kudumu, lile la kadi, kwa ajili ya uchaguzi mkuu wa Oktoba. Kuna vijana waliofikisha 18, kuna waliohama, kuna ambao kadi zimepotea. Nikasema safari hii sikosei, siku ya kwanza tu nikaanza kuzunguka na kaunta yangu yenye safu moja. Nyumba ya kwanza kijana ana miaka 19, namwambia twende ukajiandikishe. Ananiangalia kama nimechanganyikiwa. "Si ulinipeleka mwenyewe Oktoba na boda?"

Nyumba ya pili, hivyohivyo. Ya tatu, binti anasema ameshasaini pale shuleni, mambo yameisha, tena anamkumbusha mama yake ile sentensi yetu ya dakika mbili, neno kwa neno.

Nimemwita Mwalimu. Tumekaa tunatafuta sentensi nyingine.